Mghoi Hakuwa na Chui

Wakesho,

Bado nimekasirika. Nimeanza na hilo ili usijisumbue kulitafuta katikati ya mistari. Tangu Jumapili ulipoinuka mezani ukaacha chakula kinapoa, nimekaa na hasira hii nikidhani itapungua, nayo imekataa. Kesho unaondoka, na mimi sijui kuzungumza na mtu aliyeniudhi. Najua kuandika tu. Ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Najua utasoma polepole, ukitembeza kidole kama ulivyokuwa ukimsomea Nyanya Biblia yake, na ukimaliza utanijibu kwa Kiingereza. Sawa. Lakini Kiingereza changu kimejaa adabu za Minnesota. Nikikasirika kwa Kiingereza najikuta nasema asante, wazo zuri hilo, hebu nilifikirie. Kila kitu nilichokubali na ambacho sikupaswa kukikubali, nilikikubali kwa lugha hiyo.

Habari za koti, za chakula na za kupiga simu ukifika sitaziandika. New York wanauza makoti, na kupika unanishinda. Baba yako amenipigia kutoka huko kwake Eden Prairie akaniambia, "Mpongeze mtoto. Amepata kazi ambayo wewe mwenyewe uliiota." Nikamkatia simu. Ni kweli niliiota. Niliiota, nikaipata, na yeye anajua ilinifanya nini, kwa hiyo asinifundishe kupongeza.

Hadithi hii unaijua vipande vipande, jinsi watoto wanavyojua mambo ya wazazi wao, kwa kusikia mlango umebamizwa bila kujua umebamizwa kwa nini. Ngoja nikupe nzima.

Nilianza kusoma komiki kwa ajili ya lugha. Nilipoletwa hapa Marekani kutoka Taita nilikuwa msichana nisiyejua Kiingereza cha kutosha hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Nyanya yako alikuwa amepata kazi kwenye nyumba ya wazee kule Roseville, kazi ya kuwaosha, kuwalisha na kuwageuza kitandani. Mzee mmoja aliyekuwa akimhudumia akampa sanduku la komiki za mwanawe, ambaye alikuwa mtu mzima na hakuzitaka tena. Nyanya akalipakata kwenye basi hadi nyumbani. Nilisoma picha kwanza, maneno yakafuata. Baada ya majira mawili ya baridi nilikuwa naweza kutukana kwa Kiingereza fasaha cha wahalifu wanaotaka kuiteka dunia, ingawa bado nilishindwa kumwambia mwalimu kwamba naumwa na tumbo.

Kitu kimoja kilinikera tangu utotoni. Watu wa kwenye komiki waliinua malori na majengo na kuimba sifa zao wenyewe. Mama yangu aliinua watu. Aliwainua mchana kutwa, akarudi nyumbani akalala sakafuni kwa sababu kitanda kilikuwa laini mno kwa mgongo wake, na hakuna aliyemchora.

Basi nikamwandika mimi. Nilikuwa na umri kama wako, nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ile ile ya wazee, na rafiki yangu Dan alikuwa akifanya kazi kwenye duka la uchapaji Saint Paul. Ni yule Dan mrefu aliyelia kwenye mazishi ya Nyanya kuliko binamu zako wote. Mimi niliandika, yeye akachora. Tulimpa mhusika wetu jina la Nyanya lenyewe, Mghoi. Alikuwa mama wa miaka sitini, mwenye sweta, viatu vya raba na goti bovu. Uwezo wake ulikuwa mmoja tu: angeweza kuinua kitu chochote duniani, mradi kuna mtu amelemewa chini yake. Kama hakuna mtu chini, hawezi. Katika hadithi ya kwanza basi linapinduka barabarani kwenye barafu, Mghoi analiinua kama sinia, watu wanatoka, halafu anashindwa kubeba mfuko wake wa viazi kupanda ngazi za nyumbani kwake. Anakaa kwenye ngazi mpaka jirani anakuja kumsaidia.

Watu waliipenda, Wakesho. Usikubali mtu yeyote wa kampuni akuambie kwamba haikupendwa mpaka wao walipoitengeneza. Tulichapa wenyewe baada ya saa za kazi, mwenye duka akituruhusu, tukabana kwa pini, tukauza mezani kwenye maonyesho ya komiki katika ukumbi wa hoteli. Nyanya alikaa nasi na gauni lake la kanisani, na kila aliyepita alimwonyesha jalada na kumwambia, "Huyu ni mimi." Vijana wenye mavazi ya ajabu walipiga foleni ili awasainie. Alikuwa anaandika jina lake taratibu, herufi baada ya herufi, na kuwauliza kama wamekula.

Hapo ndipo alipokuja Walter.

Nataka umwone Walter vizuri, maana utakutana naye. Atakuwa na jina jingine. Walter alikuwa mhariri wa ile kampuni kubwa ya komiki ya New York, hiyo hiyo iliyokuajiri wewe. Hakuja na majivuno. Alipiga magoti mbele ya meza ili macho yake yawe sawa na ya Nyanya, akamwambia, "Mama, wewe ni hazina." Nyanya akampenda papo hapo. Mimi pia. Mkataba ulipofika, Dan alisema tumtafute wakili ausome, kwa sababu ulisema jina na mhusika vitakuwa mali ya kampuni milele. Nikamwambia mawakili ni wa watu wenye kitu cha kuogopa. Nikasaini kwenye meza ya jikoni hapa Saint Louis Park, Nyanya akipiga makofi, Dan akasaini baada yangu kwa sababu alinipenda kama dada. Huo ni ujinga wa kwanza, na ni wangu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Niliacha kazi ya jikoni. Nilikuwa mwandishi wa komiki wa Marekani, mtoto wa Taita, na jina langu lilikuwa kwenye jalada katika kila duka la komiki nchini. Halafu simu zikaanza.

Walter hakuwahi kuniamuru kitu. Hilo ulishike kuliko yote. Alikuwa anaomba. Kwanza ananisifu, anasema ukurasa fulani ulimtoa machozi, halafu anauliza: hivi Mghoi akiwa na miaka hamsini, kuna ubaya? Goti likipona je? Nyumba ya wazee inawahuzunisha wasomaji, tunaweza kuiacha kidogo? Nami nilikuwa nikijiambia, nitampa goti nibaki na sweta. Halafu nikampa sweta nibaki na kazi yake. Halafu nikampa kazi. Kila mara nilijiambia neno moja: nikiondoka watamkabidhi mtu asiyemjua, bora mimi niwe ndani.

Siku moja wakanipigia wakiwa kundi zima kwenye simu. Walter akasema, "Tumefikiria awe na mnyama."

"Mnyama gani?"

"Chui. Nadhani ni kitu cha kwenu."

Nikasema, "Kwetu mama yangu alifuga mbuzi."

Wakacheka wote. Walidhani nafanya mzaha. Na mimi, mama yako, nikacheka pamoja nao.

Kwa hiyo Mghoi akawa msichana wa miaka ishirini na kitu, nusu uchi kwenye theluji, na chui ubavuni. Nguvu zake zikatoka kwenye jiwe la pangoni, la kabila ambalo halijawahi kuwepo popote Afrika. Sasa aliweza kuinua chochote, awepo mtu chini au asiwepo. Dan aliendesha gari kutoka Saint Paul kuja kwangu, hakuvua hata koti, akasema, "Mimi huyu simchori. Na wewe usimwandike."

Nikamwita mwoga. Nikamwambia kukataa ni anasa ya watu waliozaliwa hapa, ambao ukoo wao una kijumba ziwani cha kwenda kununia. Mtu anayejua kwamba amekosea husema maneno kama hayo. Dan akaondoka. Akaenda kuchora meno yenye macho na tabasamu kwenye mabango ya madaktari wa meno, na hakulalamika hata siku moja. Mimi nikamwandika yule wa chui.

Kinachoniuma si kwamba nililazimishwa. Hakuna aliyenishikia kisu. Na sikumwandika vibaya, ningefarijika kama ningemwandika vibaya. Nilimwandika vizuri. Nilimpa chui jina. Wasomaji waliniandikia kunishukuru kwa kuwaonyesha Afrika ya kweli, na hakuna hata mmoja niliyemjibu kwamba nimemdanganya.

Kisha wakaniondoa. Sikuambiwa. Niliingia kwenye duka la komiki kama kawaida, mwenye duka akanipa mkono wa pole, na mimi sijui ananipa pole ya nini mpaka akanionyesha jalada jipya lenye jina la mtu mwingine. Nilimpigia Walter nikiwa nimesimama pale pale kati ya rafu. Akasema, "Jamani, nilidhani umeshaambiwa. Umekuwa mtu muhimu sana katika familia hii." Nikamwambia asante. Nikamtakia siku njema.

Filamu ya yule Mghoi wa chui ilipotoka nilimpeleka Nyanya sinema, kule kwenye maduka makubwa ya Roseville. Wewe ulikuwa shuleni. Alivaa lile gauni la kanisani. Alikaa mpaka mwisho, hata yale majina yalipoanza kupita, marefu kama vizazi vya kwenye Agano la Kale, kwa sababu alikuwa akingoja jina langu. Lilipita chini kabisa, baada ya wapishi. La kwake lilikuwa limetajwa filamu nzima, nao hawakuweza hata kulitamka.

Tulipofika kwenye gari akaniuliza, "Yule msichana alikuwa nani?"

"Ni Mghoi, mama."

"Mghoi ni mimi."

Nikawasha gari. Akangoja tutoke maegeshoni, akasema tena, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya nyanya, "Hukuwa na jina lingine la kuwapa?"

Nikaingia barabara kuu, nikaendesha hadi nyumbani.

Alipofariki nilitengeneza kijitabu cha kurasa chache cha kuwapa waombolezaji. Nilichora mwenyewe, unajua nilivyo mbovu kwa kuchora. Kilimwonyesha Mghoi wa kwanza, wa sweta, akipanda ngazi na viazi vyake. Binamu yako mmoja akakiweka mtandaoni kwa mapenzi tu. Haikupita wiki mawakili wa kampuni wakaniandikia kwamba natumia mhusika ambaye si mali yangu, niondoe. Mama yangu, Wakesho. Jina lake, sura yake, mazishi yake, udongo bado mbichi. Na mimi nikaondoa, nikajibu, "Asante kwa kunijulisha."

Asante! Nikikumbuka neno hilo ndipo ninapobamiza milango.

Sasa turudi Jumapili. Nilijua umepata kazi ya kuchora kwao, na nilikuwa nimeshameza uchungu wangu kwa ajili yako. Nilipika. Halafu ukaniambia, huku ukijipakulia mchuzi, kwamba wanamwanzisha upya Mghoi na wamekupa wewe. Ukaona uso wangu, ukasema haraka, "Mum, sikiliza, nitamrekebisha kutoka ndani."

Hiyo ni sentensi yangu. Ulikuwa hujazaliwa nilipoanza kuisema. Kuisikia ikitoka kinywani mwako, na macho yako yaking'aa, ndiko kulikonifanya nibamize ile sufuria. Sikukusudia mchuzi ukurukie. Ukasema, "Wewe umekasirika kwa sababu nafasi hii hawakukupa wewe." Ukachukua koti ukaenda kwa rafiki yako.

Ulisema kweli, kwa sehemu. Nina wivu. Ningependa wangenipigia mimi wakasema tumekosea, mrudishe mama yako. Hawakunipigia, wamempigia mwanangu, maana jina letu litawapendeza watu: mjukuu wa Mghoi anamchora Mghoi. Hukufikiria hilo? Mimi nililifikiria kabla mchuzi haujakauka ukutani.

Sikuambii usiende. Unachora kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, hata Dan, na ukikataa kwa ajili yangu utaishi humu ndani ukiupima uso wangu kila asubuhi, kisha siku moja utanichukia, na utakuwa na haki. Nenda. Lakini nenda umeshaonywa.

Mtu atakayekunyang'anya Mghoi hatakuwa adui. Atakuwa anakupenda, na huenda atakupenda kweli. Nadhani Walter alinipenda. Siku utakayojikuta unamshukuru mtu kwa jambo lililokuchoma, simama hapo hapo, usiandike barua pepe, usicheke na wengine. Toka nje utembee.

Na uombe kitu. Mimi sikuwahi kuwaomba chochote, kwa hiyo sikuwahi kuwasikia wakikataa, ndiyo maana nilidhani ni watu wapole. Kabla hujasaini Jumatatu, omba iandikwe ukurasa wa kwanza kwamba Mghoi alikuwa mtu, mama wa Taita aliyewauguza wazee Roseville. Omba arudishiwe miaka yake sitini. Huenda watakataa. Lakini wakukatalie sasa ukiwa bado una kalamu mkononi, usije ukagundua baadaye kwenye duka la komiki.

Mchana huu nilimpigia Dan. Hatukuwa tumezungumza tangu mazishi. Nilimwambia, "Ulikuwa sahihi."

Akasema, "Najua." Halafu akauliza habari zako. Ana mpwa wake ambaye ni wakili, na atausoma mkataba wako kesho. Usitie sahihi kabla hajakupigia. Hili si ombi.

Jumapili, kabla sijaharibu chakula, uliniuliza Nyanya alikuwa anasimamaje akimwinua mgonjwa. Nikakuambia sikumbuki. Nakumbuka. Hakusimama kama wale wa kwenye komiki, miguu imetanuka na kifua mbele. Aliinama karibu mpaka shavu lake likagusa la mgonjwa. Aliichukua mikono ya mzee akaizungusha shingoni mwake kama wanataka kucheza dansi, akaingiza mguu mmoja kati ya miguu yake, akamwambia kwa Kiswahili, "Haya baba, twende." Wazee wa Kizungu wasiojua neno hata moja, na walikwenda. Uso wake hukuweza kuuona, ulikuwa umefichwa kwenye bega la mtu. Chora hivyo. Nakupa jambo hilo. Wanaweza kuliharibu, lakini angalau uwe umelichora mara moja sawasawa.

Kuna jambo jingine alilokuwa akifanya, baada ya mgonjwa kukaa vizuri na mlango kufungwa. Niliwahi kuliona mara moja tu, siku nilipotoka jikoni kumtafuta. Sikumwambia Dan. Sikuliandika kwenye hadithi hata moja, wala kwenye kile kijitabu cha mazishi. Ni kitu pekee cha mama yangu ambacho kampuni haina.

Hapa pia siliandiki. Nitakuambia kwa mdomo, garini, tukielekea uwanja wa ndege, na utazima simu yako kabla sijaanza. Si la kuchorwa. Utakapofika mahali ambapo kila kitu ulichokwenda nacho wameshakishika, na utafika, utakuwa na hilo, na utajua kwamba bado wewe ni mtu wa kwenu.

Ukilichora, usirudi kuniomba msamaha.

Mama